Nauli ya kwenda Bombo

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya klabu za joging na familia za waraibu)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu shikamooni. Akina mama, na ninyi vijana mliokuja na fulana zenu za mazoezi, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie mbio: kwa nini mtu mwenye kazi na watoto aamke saa kumi alfajiri, ajiandae kukimbia kilomita 42 na mita 195, kisha apite kwa watu kuomba fedha za matibabu ya waraibu. Nitaanza na mtu ambaye hakimbii. Nitaanza na mdogo wangu.

Jina simtaji, ameniomba hivyo. Wengine wenu mnamfahamu kwa sura, na kuna wakati mlikuwa mkimwona mnabana mikoba. Alianza unga, yaani heroini, akiwa na miaka 19. Tulimwita teja humo humo nyumbani, mbele ya mama yetu, naye akiitika. Neno hilo mimi nimeliacha, na ninawaomba mliache. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilipomshika nilikuwa namwona: miayo haikatiki, makamasi na machozi, vinyweleo vimesimama mwili mzima, tumbo linamsokota mpaka anajikunja sakafuni. Akipata kete, baada ya muda mfupi ni mzima. Saa nne, saa sita zikipita, anarudi palepale. Mtu aliye katika hali hiyo ukimwambia "jikaze tu," umemwachia mzigo ambao hata wewe usingeubeba.

Tiba yenyewe ni methadoni, dawa ya maji, ya kunywa. Hukaa mwilini saa 24 na zaidi, kwa hiyo arosto haipati mwanya, na mtu akishafikishwa kwenye kipimo chake halewi: anakula, analala, anafanya kazi. Hapa Tanzania ilianza kutolewa Muhimbili, Februari 2011. Siku hizo mtu wa Tanga aliyeitaka ilibidi ahamie Dar. Leo ipo hapa hapa hospitali ya Bombo, na mgonjwa hailipii.

Siku ya kwanza nilimsindikiza. Anafika dirishani, anataja namba yake. Muuguzi anamtazama usoni kwanza, aone kama amekuja amelewa, maana dawa hii juu ya pombe au juu ya unga inaweza kuzima pumzi. Anampimia kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Anakunywa palepale. Anatiliwa maji katika kikombe kilekile, anakisukasuka, anameza na hayo. Halafu lazima atamke neno, ijulikane hakuificha dawa mdomoni. Mdogo wangu alisema, "Ahsante dada." Yote haikuzidi dakika mbili. Kesho yake tena, keshokutwa tena, sikukuu ya Idi, Krismasi, masika yote. Kwa wengi ni miaka.

Mimi niliziona dakika mbili hizo. Njia sikuiona.

Tulikuwa tunaishi Pongwe. Niliijua njia siku nilipookota ndara zake uani, nikaona kisigino kimelika mpaka kimetoboka, kidole kinapita. Nikamuuliza. Akaniambia, "Kaka, natembea." Pongwe mpaka Bombo ni zaidi ya kilomita kumi, na lazima arudi. Kwa siku mbili anakaribia kumaliza marathoni, siku ya tatu anaanza nyingine. Na ndugu zangu, hakukosa nauli kwa sababu nyumbani hapakuwa na shilingi. Sote tuliogopa kumpa hela mkononi. Tulisema atakwenda kununua kete.

Wakati huohuo mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya mbio za Moshi. Nilikuwa na viatu vipya. Watu walikuwa wananipigia makofi barabarani.

Ilipofika masika mguu ukamvimba, akakosa siku nne. Akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, mwili umeshaanza kuisahau dawa, na daktari hawezi kumrudishia kipimo kilekile, kinaweza kumuua. Anashushwa, kisha anapandishwa polepole. Katika siku zile za kupandishwa, usiku ni mrefu. Akarudi kwenye unga. Majirani wakasema, "Si tulisema?" Nami nikasema hivyohivyo. Ilinichukua muda kukiri kwamba kijana yule alikuwa na nia kuliko mimi. Alichokosa ni nauli.

Ndipo tukaandaa mbio za hisani za kwanza. Hapa nitasema ukweli ambao haunipendezi, kwa kuwa nilikuwa kwenye kamati na saini yangu ipo. Tulichangisha vizuri. Tukalipia fulana, mahema, spika, bango kubwa, medali. Kilichobaki kupelekwa kwa wagonjwa kilikuwa kidogo mno, hata aliyekipokea aliona haya kwa niaba yetu. Picha zilikuwa nzuri sana. Tangu siku hiyo nimekataa mbio ambazo fulana yake inakula nauli ya mgonjwa. Anayetaka fulana aje nayo kutoka kwao.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nauli ya daladala kwenda na kurudi tuikadirie kwa kuzidisha: elfu mbili kwa siku. Kwa mwezi ni 60,000. Mkimbiaji mmoja akipata watu kumi, kila mmoja akaahidi shilingi 1,000 kwa kila kilomita atakayomaliza, kilomita 42 zinaleta 420,000. Huyo ni mgonjwa mmoja, miezi saba, hajakosa dirisha.

Mtaniuliza kwa nini tusifanye harambee ukumbini, tukamaliza usiku mmoja. Kwa sababu harambee inakwisha usiku huohuo. Marathoni inataka miezi minne ya mazoezi. Kila alfajiri unapita njia ileile, muuza chapati anakuuliza, "Unakimbilia nini?" nawe unamweleza. Mwezi wa pili anakuita pembeni, anakwambia na yeye ana mtoto. Nimeitwa pembeni namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mara nyingi anayeita ni mama.

Fedha hatumpi mtu mkononi, na safari hii si kwa kutomwamini. Wagonjwa wenyewe walituomba: "Msitupe mtihani." Tukakubaliana na madereva, tukachapa tiketi ndogo za karatasi. Mwanzoni tulitaka ziandikwe ni za nini. Binti mmoja, anayekwenda dirishani na mtoto mgongoni, akatuzuia. Akasema, "Mkiandika hivyo, konda atanishusha, na abiria watamshangilia." Basi tiketi ina namba na tarehe, basi.

Sehemu nyingine inakwenda kwenye nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba. Methadoni inatibu utegemezi wa heroini na jamii yake. Haitibu pombe, haitibu bangi wala mirungi. Hao nao wana mama zao, na nyumba nyingi za aina hiyo familia inalipa kwa mwezi. Nimeona kitanda kikiuzwa ili mtoto akapate kitanda soba.

Kila tukizungumza mbio hapa nchini, anatajwa mzee wetu John Stephen Akhwari, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Aliumia goti njiani, akamaliza wa mwisho kwa saa 3 na dakika 25, mshindi akiwa amemaliza zaidi ya saa nzima kabla yake. Tunausifu moyo wake, na unastahili. Lakini itazameni tena picha yake: mguu umefungwa bendeji. Kuna mtu alimfunga. Moyo wa mdogo wangu nimeuona ndani ya ndara iliyotoboka. Ninawaombeni mwe watu wa bendeji.

Sasa mdogo wangu amerudi dirishani, huu ni mwezi wake wa kumi na moja. Daftari la ahadi liko mlangoni, kwa yule dada mwenye mtandio wa kijani. Andikeni kiasi kwa kila kilomita, si jumla. Jumapili tunaondoka uwanja wa Mkwakwani saa kumi na mbili kasoro. Maji ya kilomita ya kumi yapo mikononi mwa mdogo wangu na wenzake wawili. Wa mbele mkifika mkakuta meza ipo na wao hawapo, jihudumieni, msiwalaumu: wameanzia Bombo.