Mshahara wa mwalimu haupangwi hapa Lamu

Asalam aleikum ndugu zangu, mama zangu. Sogeeni mbele, viti vipo. Nimelisema hili mara nyingi na leo nalisema tena, maana juzi mzazi kamshika mwalimu mkuu mlangoni, kampigia kelele mbele ya watoto, ati mbona hamuwalipi walimu wenu vizuri ndo maana kila mwaka wanahama. Jamani! Mwalimu mkuu hapangi mshahara wa mwalimu wa serikali hata shilingi. Gavana naye hapangi, yeye ana chekechea na vyuo vya ufundi vya kaunti, ukianza darasa la kwanza mwajiri ni TSC, tume ya kuajiri walimu, Nairobi huko.

TSC wanakaa na vyama vya walimu, KNUT, KUPPET na KUSNET, wanakubaliana mkataba wa miaka minne. Mnadhani imeisha? Bado SRC, ile tume ya mishahara, iseme kiwango kinafaa ndo saini zitiwe, halafu hazina itoe pesa na bunge lipitishe.

Kumbukeni 2015. Mimi nilikuwa bado nafundisha. Mwezi wa 6 mahakama ya kazi ikatupa nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, wallahi usiku ule nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mahudhurio, mabati ya paa, karo ya binti, nikapiga mstari chini. Serikali ikasema haina pesa, Septemba tukagoma, wiki tano, mshahara wa mwezi ule haukuja, nikawa nachukua mchele na sukari kwa mkopo mpaka kwenye daftari la mwenye duka nikawa na ukurasa wangu peke yangu. Novemba Mahakama ya Rufaa ikafuta nyongeza yote. Sababu kubwa, jaji kapanga mshahara na hiyo si kazi yake, SRC imerukwa. Mlango mmoja tu ulirukwa, na lile deni la mchele nililipa mpaka mwaka uliofuata.

Sasa kuna mtu hapo anasema moyoni, mimi mvuvi wa Kizingitini yanihusu nini. Yakuhusu wewe kuliko mtu wa Nairobi! SRC walipima kazi, si mtu, wakapanga madaraja, la chini B5 mpaka la juu D5, kwa hivyo mwalimu wa B5 aliye Kiunga na mwenziwe wa daraja hilo aliye Nyeri mshahara wa msingi ni mmoja. Tofauti iko kwenye marupurupu, ya nyumba, ambayo Nairobi ndo juu, na ya mazingira magumu, ambayo ndo yanamfanya mwalimu apande boti arudi kwako muhula ukifunguliwa. Siku wakiigusa ile orodha ya maeneo magumu msiwaachie walimu wapige kelele peke yao, anayebaki bila mwalimu wa hesabu ni mwanao.

Na msiniambie ati mwalimu ana likizo nyingi, madaftari mwalimu anasahihisha nyumbani usiku kwa taa yake.

Nilitaka kusema pia walimu wa BOM, yaani wa bodi ya shule, hawa mnaowachangia nyie wazazi, hawamo kwenye daraja lolote, na wale intani, walimu wa mafunzo kazini, wa sekondari msingi wa elfu 20 kwa mwezi, lakini adhana hiyo inakaribia. Makadirio ya bajeti yanafika bungeni kabla mwezi wa 4 kuisha, mbunge aulizwe kabla ya hapo, si mgomo ukishaanza. Mwenye kalamu na karatasi tukishaswali alasiri arudi hapa, barua tunaiandika leo.