Kadi Ipi Ina Nguvu Zaidi? Jinsi ya Kusoma Namba za Kadi za Grafiki

Habari za mchana, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja wengi hivi na jua lote hili.

Swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi ni hili: "Mwalimu, nina hela ya kadi moja tu. Nichukue RTX 3060 au RTX 4060?" Mwenye kuuliza huwa ameshaangalia jedwali la sifa, akaona teraflopsi (trilioni za hesabu za desimali kwa sekunde) 12.7 upande huu na 15.1 upande ule, na moyoni ameshaamua. Anataka tu nimbariki. Mimi humwomba akae kwanza tukokotoe.

Hizo teraflopsi hakuna aliyezipima maabara. Ni zao la kuzidisha. RTX 3060 ina viini, yaani vikokotoo vidogo ndani ya chipu, 3,584 na mapigo yake ya juu ni gigahezi 1.777, yaani bilioni 1.777 kwa sekunde. Kila kiini, kwa pigo moja, kinaweza kuzidisha namba mbili na kujumlisha ya tatu papo hapo, na hizo zinahesabiwa kuwa hesabu mbili. Basi 3,584 mara 2 mara bilioni 1.777: unapata karibu trilioni 12.7 kwa sekunde. RTX 4060 ina viini vichache zaidi, 3,072, ila mapigo yake yanafika gigahezi 2.46, ndiyo maana inatoa trilioni 15.1. Andikeni kanuni hiyo, itawafaa kwa kadi yoyote.

Sasa angalieni kanuni hiyo inadai nini. Inadai kila kiini kiwe kazini kila pigo, bila kusubiri chochote. Aliyewahi kusimamia ujenzi anajua jambo hili. Unaweza kuajiri mafundi ishirini wenye mikono myepesi, lakini kama saidia fundi ni mmoja na toroli lake moja, mafundi watakaa wakisubiri tofali. Ukiongeza mafundi, ukuta haupandi haraka zaidi. Unaongeza wanaokaa kivulini.

Toroli la kadi ni kasi ya memori yake, nayo pia inakokotolewa. RTX 3060 ina njia ya data ya biti 192, yaani baiti 24, na kila waya unapitisha gigabiti 15 kwa sekunde. 24 mara 15 ni gigabaiti 360 kwa sekunde. RTX 4060 ina biti 128, yaani baiti 16, kwa gigabiti 17. Hiyo ni 272. Kadi mpya, yenye teraflopsi nyingi, ina toroli dogo kuliko ya zamani!

Tuchukue kazi nyepesi kabisa: una orodha mbili ndefu za namba, unataka kuzijumlisha mstari kwa mstari. Kila namba ni baiti 4. Unasoma mbili, unaandika moja, jumla baiti 12 kwa hesabu moja tu. Gawanya 360 kwa 12: RTX 3060 itafanya hesabu bilioni 30 kwa sekunde. Bilioni, si trilioni. Hiyo haifiki hata robo ya asilimia moja ya zile trilioni 12.7 za kwenye jedwali. Na RTX 4060 itaishia bilioni 22 na kitu. Katika kazi hii, yenye teraflopsi nyingi ndiyo inayoshindwa.

Geuza kazi, uzidishe matriksi mbili kubwa, yaani majedwali ya namba, na picha inabadilika. Hapo namba moja ikishaingia ndani inatumika tena na tena, viini vinashiba, na teraflopsi zinaanza kuwa na maana. Mwaka 2009 Samuel Williams, Andrew Waterman na David Patterson walilichora jambo hili vizuri sana, katika mchoro wanaouita "roofline", mstari wa paa. Upande mmoja paa linapanda kwa mteremko, hapo memori ndiyo inayokubana. Upande wa pili limelala bapa, hapo hesabu zenyewe ndizo kikomo. Swali linakuwa kazi yako imekaa chini ya upande upi wa paa. Napenda mchoro ule kwa sababu unamlazimisha mtu kuzungumzia kazi yake kabla hajazungumzia kadi.

Kijana mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Ndiyo, najua unachotaka kusema: mbona kwenye gemu RTX 4060 mara nyingi huitangulia RTX 3060? Ni kweli, na sababu ni kache, ghala dogo la data lililo ndani ya chipu yenyewe. Ndani ya chipu ya RTX 3060 kuna kache ya ngazi ya pili ya megabaiti 3, na kwenye RTX 4060 ni megabaiti 24. Data inayotumika mara kwa mara inakaa humo humo, safari za kwenda kwenye memori zinapungua. Lakini kache haikusaidii ukiwa unapitia data kubwa mara moja moja tu, kama orodha zetu zile.

Kuna mtego mwingine, nao ni kulinganisha teraflopsi za vizazi au familia tofauti. Radeon RX Vega 64 ya AMD, ya mwaka 2017, ina teraflopsi 12.7, GeForce GTX 1080 ya Nvidia, ya 2016, ina 8.9. Kwa jedwali, Vega ingeiacha mbali. Kwenye gemu nyingi zilikwenda bega kwa bega. Au chukueni RTX 2080 Ti yenye 13.4 na RTX 3070 yenye 20.3: nazo kwenye gemu hazipishani sana. Katika kizazi cha RTX 20 kulikuwa na njia ya hesabu za desimali na njia ya pembeni ya namba kamili. Kizazi cha RTX 30 kikaipa njia ile ya pembeni uwezo wa desimali pia, na viini vyake vikajumuishwa kwenye idadi ya viini inayoandikwa kwenye jedwali. Zikija kazi za namba kamili, na kwenye gemu huja kila wakati, sehemu ya zile teraflopsi inatoweka.

Jina nalo lisikutulize. GT 1030 imeuzwa kwa memori ya GDDR5 yenye gigabaiti 48 kwa sekunde, na pia kwa DDR4 isiyofika 17. Jina lile lile. Soma boksi lote.

Nimalizie na wale wanaotaka kuendesha modeli za lugha nyumbani, maana najua mpo. Modeli ya vigezo bilioni 7 (vigezo ni namba ambazo modeli imejifunza), kila kigezo baiti moja, ni gigabaiti 7, na zote husomwa upya kwa kila kipande cha neno kinachotolewa. Gawanya: RTX 3060 haiwezi kuzidi vipande 51 kwa sekunde, RTX 4060 haivuki 39. Modeli ikiwa ya gigabaiti 10, RTX 3060 yenye memori ya gigabaiti 12 inaibeba. RTX 4060 yenye 8 haiwezi, na kinachobaki nje kitapita kwenye tundu la PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye kompyuta, kwa takriban gigabaiti 16 kwa sekunde. Kutoka 272 hadi 16! Umeme wake mdogo, wati 115 dhidi ya 170, ni faida ya kweli, lakini hapa haukuokoi.

Sasa mwenye kompyuta afungue. Nataka namba nne za kadi yako: viini, mapigo, upana wa njia, na kasi ya kila waya. Wewe dada wa mbele, tuanze na yako, nipo ubaoni.