Fedha Iliyokatwa Bila Kumfikia Mtoto

REHEMA: Kaka Yona, Jumatatu sikufika kurekodi kipindi chetu kwa sababu nilimsindikiza mdogo wangu kwa mhasibu wa mwajiri wake. Hati zake za mshahara zinaonyesha kwamba kwa miezi mitatu amekatwa shilingi 120,000 kila mwezi kwa amri ya mahakama, kwa ajili ya matunzo ya mtoto wake, lakini mama wa mtoto, anayeuza mboga Soko la Majengo, hakupokea chochote.

YONA: Mama naye akaamini kwamba baba amekaidi amri.

REHEMA: Ndivyo alivyoamini, nami simlaumu. Tarakimu mbili za akaunti yake zilikuwa zimepishana, benki ikazirudisha fedha, zikakaa kwa mwajiri bila mtu kuuliza ni za nani. Kilichofichua kosa ni daftari la huyo mama.

YONA: Lieleze, dada, maana tangu Jumatatu huna habari nyingine.

REHEMA: Ni daftari la shule la kawaida. Ameandika tarehe, kiasi, njia ambayo fedha ilipitia na kilichonunuliwa: unga, sare, dawa ya kikohozi. Mhasibu alishikilia kwamba fedha zilikwenda, hadi alipoona miezi mitatu bila fedha yoyote kutoka kwa mwajiri, ndipo akafungua taarifa ya benki.

YONA: Aliandika na zile za simu?

REHEMA: Zote. Mdogo wangu alipoona mtoto anakosa, alituma 120,000 kwa simu mara mbili.

YONA: Hapo ndipo watu wengi huumia. Ujumbe wa simu unaonyesha jina na kiasi, hauonyeshi kwamba fedha hiyo ni matunzo, na baadaye mpokeaji anaweza kudai kwamba ilikuwa zawadi. Baba naye alipaswa kuwa na daftari lake.

REHEMA: Hakuwa nalo. Ameokolewa na la mwenzake, waliyekuwa hawasemezani.

YONA: Sasa mwajiri akitoa 360,000 alizozishikilia, mama atakuwa amepokea 600,000 kwa miezi mitatu. Hizo 240,000 zilizozidi zihesabiwe kuwa za miezi miwili ijayo.

REHEMA: Sikubali. Mama alikopa unga dukani miezi yote hiyo. Makato yakisimama, mtoto ndiye atakayelipa kosa la mhasibu.

YONA: Baba naye ana watoto wengine nyumbani, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama iangalie kipato cha wazazi na majukumu yao kwa watoto wengine.

REHEMA: Sheria hiyo hiyo inaitaka iangalie gharama za maisha mahali anapoishi mtoto, na wewe unajua bei za Dodoma zilivyo sasa.

YONA: Simwambii baba asimamishe makato mwenyewe, wala mhasibu hana mamlaka ya kusimamisha amri. Nasema aende mahakamani aombe.

REHEMA: Aende aombe mwajiri atoe fedha mara moja na kurekebisha akaunti. Miezi miwili asiiguse.

YONA: Hapo hatutaelewana, dada yangu.

REHEMA: Hatutaelewana, na dakika zimekwisha kabla ya kugusa kiwango cha mshahara kisichopaswa kukatwa na malalamiko ya makato mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi.

YONA: Anakwenda lini?

REHEMA: Alhamisi, na mama wa mtoto amekubali kwenda na daftari.