Nauli ya Kigari

Asalaam alaykum. Mwenyekiti kanipa dakika kumi, na wanaonijua wameshaanza kucheka.

Nimekuja na tepu ya fundi cherehani, hii hapa. Wiki iliyopita nilikwenda nayo stendi hapa Chake Chake, Pemba, nikawa napima gari moja moja, kutoka chini mpaka kidato cha kwanza cha kupandia. Vijana wakaniuliza, "Bi, unazishonea gari suruali?" Nikawaambia ndiyo, mbona zimevaa fupi.

Ya kwanza sentimita 58. Ya pili 64. Ngazi ya mlangoni kwangu ni 17. Mwanangu ana miaka tisa, ana mtindio wa ubongo, shingo haijakaza, na uzito wake kilo 22. Nikimbeba, mkono mmoja uko kichwani kwake, wa pili chini ya mapaja. Mkono wa kushikia bomba nautoa wapi? Na ukishapanda husimami wima, paa liko chini, unakwenda umejikunja baina ya magoti ya watu waliotazamana, huku mtoto kashtuka na mwili wote umemkakamaa.

Kigari chake, kile kiti cha magurudumu, kinakwenda juu ya paa, pamoja na mikungu ya ndizi na magunia. Siku moja tunatoka kwenye mazoezi ya viungo, tumeshuka, utingo akanidai nauli tatu: yangu, ya mtoto na ya mzigo. Mzigo upi? Akanionyesha kigari. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ndiyo miguu yake. Wewe yako umeilipia?" Mzee mmoja ndani ya gari akainua mkongojo, "Basi na mimi nidai!" Gari nzima ikacheka, utingo naye akacheka, kisha akachukua pesa yake.

Sijamaliza. Kigari kilipoteremshwa, breki ya kushoto imepinda, na kile kibao cha kuwekea miguu hakimo. Nadhani kimefika Konde, na kipo huko mpaka leo. Mtoto alikaa miezi miwili miguu inaning'inia, mpaka fundi baiskeli akanichongea kibao cha mfenesi. Kizito hicho, lakini hakijaibiwa.

Naona hapo nyuma kuna mtu anataka kuniambia nichukue bodaboda. Nishachukua, ndugu yangu. Mtoto unambana katikati, na kila shimo shingo inamcheza mpaka unafumba macho. Basi kodi gari! Gari ya kukodi kwenda na kurudi ni kitoweo changu cha wiki, na mazoezi ni mara mbili kwa wiki. Ndiyo maana wazazi wanaacha. Halafu kwenye kadi ya mtoto inaandikwa kuwa mzazi hafuatilii. Waandike na urefu wa kidato basi.

Lakini anayenichosha hasa ni yule anayesema tunataka mabasi ya Ulaya. Nani kayataja? Nataka kidato kimoja cha chuma, cha bawaba, kinachokunjuliwa chini ya hicho cha sasa. Mchomeaji yeyote hapa Machomane anakimaliza kabla ya adhuhuri. Nataka mkanda wa kufungia kigari ndani, kisikae na ndizi. Na nataka dakika mbili dereva asikanyage mafuta. Dereva huyu huyu anakaa robo saa anamngoja abiria mmoja ajaze gari, wala hayupo! Mimi nimeshafika, nipo mlangoni na mtoto mkononi, naambiwa "Fanya haraka mama, tunachelewa."

Sheria ya Zanzibar ya watu wenye ulemavu siisomi, mnaijua. Tulikuwa na ya 2006, ikaja ya 2022, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao nchi imeuridhia tangu 2009, kifungu cha 9 kimetaja usafiri waziwazi. Kidato hakijashuka hata sentimita moja.

Nilitaka kusema habari za boti, maana mtoto wa huku akiandikiwa kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ni lazima avuke, na kupanda boti umembeba mtoto wa umri huo, bahari imechafuka, ni maneno ya siku nyengine. Mwenyekiti ananionyesha saa. Habari ya skuli nayo naiacha.

Lakini mwenye gari ya Konde, nimekuona ukiingia, usiondoke kwanza. Umeiegesha hapo chini ya mwembe, na tepu ninayo.