Anwani nne, hodi mbili: kuongeza poti za siriali kwenye kompyuta ya zamani

Wanangu, karibuni, na poleni na jua la Tabora.

Mnaniletea malalamiko ya aina moja. Kompyuta ya zamani yenye mfumo wa Linux ina poti mbili za siriali, yaani matundu ya kuunganishia vifaa yanayopitisha data biti moja baada ya nyingine, nanyi mnataka kuunganisha mizani ya ghala la asali, printa ya risiti na terminali mbili (skrini na kibodi za kutumia kompyuta hiyo). Mtu ananunua kadi ya poti mbili, anaichomeka, na poti moja ikifanya kazi nyingine inanyamaza. Anasema kauziwa kadi mbovu. Mara nyingi kadi ni nzima kabisa.

Herufi ikiingia, chipu ya poti humpigia prosesa, ubongo wa kompyuta, hodi, naye huacha kazi yake aje kuichukua. Hodi hiyo ndiyo intarapti, na kila moja ina namba. Kwenye kompyuta za jamii ya IBM PC, poti ya kwanza iko kwenye anwani 3F8 (namba ambayo prosesa huipatia poti hiyo), intarapti 4. Ya pili 2F8, intarapti 3. Sasa nisikilizeni vizuri: ya tatu, 3E8, imepewa tena 4, na ya nne, 2E8, imepewa tena 3! Kwa kadi za ISA, mtindo wa zamani wa nafasi za kadi, poti zilizo kwenye kadi tofauti hazigawani waya wa intarapti kwa usalama. Zikitumika kwa pamoja, hodi ya moja haisikiki.

Kwa hiyo tafuteni namba iliyo wazi. 5 huwa wazi mara nyingi pasipo kadi ya sauti. Hamisheni jampa, kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili kwenye kadi, kisha andikeni:

setserial /dev/ttyS2 irq 5

Linux huhesabu kuanzia sifuri, hivyo ttyS2 ni poti ya tatu. Amri hii haigusi jampa, inauarifu mfumo tu. Iwekeni kwenye skripti ya kuwashia, maana umeme ukikatika mfumo utaisahau.

Kadi za poti nyingi, nne au nane, nyingine zina rejista, kumbukumbu ndogo ya ndani, inayoonyesha poti ipi imebisha, na hizo hutosheka na intarapti moja. Kadi za PCI, mtindo uliokuja baada ya ISA, nazo hugawana intarapti. Mazabodi, bodi kuu ya kompyuta, ikiwa na nafasi ya PCI, mimi nisingehangaika na ISA.

Tazameni pia namba ya chipu ya poti. 8250 na 16450 huhifadhi herufi moja tu inayoingia. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, herufi 11,520 zinaweza kuingia kila sekunde, na kila moja inabisha. Prosesa ya zamani itazidiwa na herufi zitapotea. 16550A huhifadhi 16, na unaweza kuipanga ibishe zikifika 14. Msichukue 16550 isiyo na A: hifadhi yake ilikuwa na kasoro. Mizani ya biti 9,600 hata chipu ya zamani itaimudu.

Waya wa terminali yenye plagi ya pini 9 kama ya kompyuta: pini 2 na 3 zipishanisheni, 5 iende moja kwa moja. Usizidi mita 15, na msiutoe jengo hili kwenda lile. Radi za masika zitaunguza poti zote mbili kwa mpigo.

Haya, maswali.