Kioo cha Roshani Kikipasuka Kinakwenda Wapi?

Nimelisema hili kila nilipopewa kipaza sauti, na leo nalirudia. Mkijenga au mkinunua nyumba ghorofani yenye roshani ya kioo, msiishie kuuliza kioo ni kigumu kiasi gani. Ulizeni kikipasuka kinakwenda wapi.

Fundi atakwambia, "Hiki kimepikwa." Kweli, kimepashwa moto kupita nyuzi 600 kisha kikapulizwa hewa kikapoa ghafla, na nguvu yake imetoka hapo. Lakini mara nyingine hubaki ndani yake chembe ya salfaidi ya nikeli, ndogo usiyoweza kuiona. Chembe hiyo hutanuka taratibu, miezi hata miaka, mpaka siku moja kioo kizima kinapasuka bila kuguswa na mtu. Toronto, Kanada, yaliwafika mwaka 2011: vioo vya roshani za maghorofa mapya vilidondoka barabarani, na mwaka uliofuata jimbo la Ontario likabadili kanuni zake za ujenzi.

Mtasema, "Si kioo hicho huvunjika punje punje tu, hazikati?" Jamani! Punje hizo huweza kushuka zimeshikana mabonge mabonge, na kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Nani kati yenu atakubali kusimama chini yake? Na yule aliyekuwa amekiegemea huko juu, sasa ameegemea nini?

Dawa ipo: vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari. Kikipasuka, vipande hung'ang'ania utando. Chungulieni ukingo wake, mtauona utando kama mstari mwembamba. Kama ukingo umezibwa na reli, daini cheti cha kuonyesha kioo ni cha aina hiyo kabla ya kulipa. Anayelalamikia gharama aniambie kwanza mpita njia atalipwa na nani.

Muda unanibana, na wengi mmekuja kwa ajili ya roshani za kuziba kwa vioo ziwe kama chumba. Kwa kifupi: kioo huingiza jua na kuzuia joto lisitoke, kwa hiyo vioo vyote vifunguke, na kivuli kiwekwe nje, maana pazia la ndani limechelewa, joto limeshaingia. Paris, kwenye jengo la Tour Bois-le-Prêtre, wasanifu majengo Lacaton na Vassal waliongeza vyumba vya kioo na kuacha roshani wazi mbele yake. Wenyeji wakapata vyote viwili. Jiko la gesi lisiingie kwenye roshani iliyozibwa. Njia ya kuukimbia moto isizibwe kamwe. Na kabla fundi hajatoboa tundu la kwanza, mhandisi apige hesabu ya uzito ambao zege la roshani linaubeba.