Picha za kusikiliza: maongezi ya Jumamosi Ujiji, umeme ukiwa umekatika

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana mambo vipi. Naona umeme ndo umeondoka hivyo. Nilikuwa nimeandaa picha arobaini kwenye flashi, projekta hiyo hapo nimeiazima shuleni kwetu kwa barua kabisa, jana nimekesha nazipanga, sasa itabidi mzisikilize tu. Kijana hebu fungua na lile dirisha la upande wa ziwa tupate hewa, asante.

Mlioniita mliniuliza hivi, kati ya hobi zote duniani kwanini mwalimu mtu mzima kama wewe umeng'ang'ania kamera. Mke wangu naye ananiuliza hilohilo kila mshahara ukitoka, kwa hiyo leo nawajibu wote kwa pamoja. Halafu mjue hobi kwa Kiswahili cha vitabuni ni uraibu, na mkisikiliza redio siku hizi uraibu ndo neno wanalotumia kwa vijana walioharibikiwa na unga. Zamani niliona hilo neno limeonewa. Siku hizi sioni hivyo, subirini tufike kwenye bei za vifaa.

Nianze na hobi za wenzangu maana nyingi nimezijaribu. Bao. Marehemu baba alikuwa mtu wa bao, na hapa Ujiji mnajua wenyewe, mtu anakaa chini ya mwembe kuanzia adhuhuri mpaka wanaadhini magharibi na chai inapoa pembeni hajaigusa. Mashimo 32, kete 64, basi, hakuna chaji hakuna betri, kete ikipotea unaokota komwe nyingine maisha yanaendelea. Nimelicheza na nimelipenda ila bao ukiinuka limeisha. Umemmaliza mtu mbele ya watu, wamepiga kelele mpaka barabarani, kesho kete zinapangwa upya kama hakijatokea kitu. Mpira hivyohivyo, mimi nimecheza ndondo sana pale Mwanga mpaka goti la kushoto likanistaafisha, na leo hii magoli yangu nayakumbuka mimi peke yangu, nikihadithia wanangu wanaangaliana.

Bustani sina la kusema, mkono wangu hauoteshi hata mchicha.

Kuvua kwa ndoano ndo hobi iliyo karibu na picha kuliko zote kwa jinsi ninavyoona mimi. Unaamka alfajiri, unakaa kimya, unasubiri kitu ambacho hakijakuahidi kwamba kitakuja, na ukirudi unaongeza chumvi kuhusu yule mkubwa aliyekuponyoka. Ila mvuvi akirudi na migebuka miwili anapokelewa mlangoni, mimi nikirudi na machweo mawili mazuri ya juu ya milima ya Kongo naulizwa mboga iko wapi.

Sasa tofauti yenyewe, na hiki ndo kitu pekee nilichokuja kusema, mengine yote ni maelezo tu. Hobi zote hizo ni zako wewe. Samaki hakudai, kete haikudai, mpira ukiisha kila mtu anaenda kwake. Kamera unaifanyia hobi juu ya sura ya mtu mwingine. Kiswahili kinapiga vitu vingi, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, ila hakuna anayesema mimi nimepigwa pasi. Kwenye picha yupo aliyepiga na yupo aliyepigwa, na aliyepigwa anakudai.

Tena deni lenyewe limeanza zamani. Niwape historia kidogo, walimu hatuachi. Mfaransa mmoja, Niépce, ndo anatajwa kuwa na picha ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki, ya mwaka 1826 au 1827, alitega dirishani kwake masaa kwa masaa akapata mapaa ya nyumba basi. Halafu akaja Daguerre, huyu alishawahi kushirikiana na Niépce, na mwaka 1838 akapiga mtaa mmoja wa Paris kutokea juu. Mtaa ulikuwa na watu na magari ya farasi, ila kamera ya wakati ule ilihitaji dakika kadhaa kushika mwanga, kwa hiyo kila aliyekuwa anatembea alifutika, mtaa mzima ukatoka mweupe kama watu wamehama. Amebaki mmoja tu pembeni, amesimama anang'arishiwa viatu, na anayemng'arishia anaonekana kwa mbali. Wanatajwa kuwa binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha, majina yao hayajulikani, na wala hawakujua kama wamepigwa.

Hilo la vitu kufutika na kujichora mnaweza kulifanya hapahapa kwetu. Mimi huwa napanda kule Bangwe usiku na stendi ya kamera, naelekeza kamera ziwani Tanganyika kwenye taa za wavuvi wa dagaa, naacha lenzi wazi sekunde 20. Mara ya kwanza nilijua kamera imeharibika, kila taa ilitoka kama uzi umejikunjakunja, kumbe mtumbwi hautulii hata sekunde moja, wimbi linauinua linaushusha, na ile taa inachora safari yake yote kwenye picha. Ukiangalia kwa karibu unamjua hata ambaye anahama, uzi wake ni mrefu na umenyooka, wengine wana vifundo tu. Nikawa naenda kila nikipata nafasi. Kuna siku nikaenda mbalamwezi iko wazi kabisa, nikasema leo ndo leo nitapata na milima, nikakuta ziwa tupu. Kijana mmoja wa bodaboda ndo alinicheka, akasema mwalimu unafundisha nini huko shuleni, mwezi ukiwa mkubwa taa ya mvuvi inafanya nini, dagaa watafuata ipi. Miaka yote nimekula dagaa hapa Kigoma sikuwa najua hilo. Sasa hivi kalenda yangu ya picha na kalenda ya mvuvi ni moja, giza likiingia tunatoka wote.

Na mwaka 2024 mnakumbuka ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kina mama hapa mnakumbuka zaidi bei ilivyokuwa. Nilipanda Bangwe mwezi haupo, usiku mzuri kabisa wa taa, hakuna hata moja. Nikapiga hivyohivyo sekunde 20. Imetoka nyeusi. Ni moja ya zile arobaini za leo na naipenda kuliko zingine nyingi, na tuseme ukweli hiyo hata umeme ukiwa umekatika hivi mnaiona vizuri tu.

Haya bei. Kamera yangu ni mtumba wa Kariakoo, used, laki nane, na hapo nilipewa lenzi moja ya kuanzia ambayo gizani haifai, nyingine nimedunduliza mwaka mzima. Ila pesa sio shida kubwa, shida ni vitu vidogo. Niliwahi kununua memori kadi kwenye duka moja, silitaji, imeandikwa GB 64 kwa maandishi ya dhahabu. Nikaenda nayo kwenye harusi ya mdogo wangu wa kike, mimi ndo kameramani wa familia. Ile kadi ilikuwa feki, ndani ilikuwa ndogo sana ila imedanganywa ijione kubwa, inaendelea kupokea picha kama kawaida, inahesabu, majina ya mafaili unayaona, nyumbani unafungua kwenye laptopu, picha za asubuhi zipo za saluni zipo, kufika kwenye keki ni kijivu. Kijivu, kijivu, kijivu mpaka mwisho wa ukumbi. Baba yetu akilisha keki, ambaye baadaye alifariki, kijivu. Mdogo wangu alininunia na mpaka leo akinipigia simu ya kawaida tu huwa anapitia hapo kabla hajasema shida yake. Nitajieni mtu aliyewahi kununiwa miaka sita kwa ajili ya bao. (Dawa yake mkinunua kadi, ijazeni yote siku hiyohiyo kwa vitu vya hovyo alafu fungueni cha mwisho mlichoweka. Kikifunguka, ni kadi.)

Kitu kingine ambacho hobi zingine hazina ni kwamba kifaa chenyewe kina upendeleo. Kamera inapima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu cha katikati. Ukiijaza shela la bi harusi inaona mwanga umezidi, inapunguza, shela linatoka kama limefuliwa na majivu na bwana harusi aliye pembeni anabaki meno. Ukiijaza sokwe mweusi wa hifadhi ya Gombe inafanya kinyume, inaongeza mwanga mpaka manyoya yanakuwa ya kijivu. Ndo maana nikimfikiria yule Mholanzi, Hugo van Lawick, aliyeletwa Gombe na National Geographic mwaka 1962, miaka miwili baada ya yule mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, kufika, namvulia kofia, mnyama mweusi ndani ya msitu wenye giza, na filamu ya enzi hizo, huwezi kuangalia nyuma ya kamera ukajua umepata au umekosa mpaka mkanda usafirishwe ukasafishwe huko mbali. Sisi watu weusi nasi tumepitia hapohapo. Kodak, wale watengeneza filamu, walikuwa na kadi za kupimia rangi wanazotuma kwa wasafisha picha, zina dada wa kizungu, wakiziita Shirley, yule akitoka vizuri mashine iko sawa, ngozi yako wewe utajijua. Siku hizi imekuja kwa mlango wa nyuma, simu inakuwekea filta bila kukuuliza, shangazi yangu juzi katoka kama kapakwa unga wa ngano na kafurahi. Mimi sina raha na hilo, ila naomba nisiseme sana maana picha ni yake.

Na hapo ndo nafika kwa yule mama wa Kibirizi.

Kulikuwa na asubuhi moja baada ya mvua, boti zimeshashusha, mama mmoja anaanika dagaa, anawarusha kwa mkono kama anapanda mbegu, na jua limepita chini ya wingu, wale dagaa wakiwa hewani kila mmoja anawaka kama sindano. Nilipiga tatu. Moja ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani, sijidai, nimekaa nayo muda mrefu najua. Yule mama akanigeukia akasema, mwalimu nyie mnachukua tu, mnaondoka nayo, haturudishiwi. Ikanichoma. Nikaenda studio nikaisafisha kubwa, nikaibandika kwenye hadibodi, wiki iliyofuata nikampelekea nikijua atalia kwa furaha.

Akaishika mbali, akaisogeza karibu. Akasema, huyu ndo mimi? Kanga ya kazini, kichwa wazi, mkono una magamba mpaka kiwikoni, umeniaibisha mwanangu. Nikaanza kumweleza habari ya mwanga. Akasema mwanga una nini, mwanga si upo kila siku. Njoo Jumapili nikishatoka kanisani.

Nikaenda. Saa nane mchana, jua la utosi, saa mbaya kuliko zote kwa picha, macho yanakuwa mashimo mawili meusi. Kavaa kitenge kipya na kilemba cha kitambaa hichohicho, kaazima kiti cha jirani, kaweka maua ya plastiki kwenye stuli, mjukuu kasimama nyuma ya kiti kanyooka kama yuko paredi. Nikasogea nipate sura, akanisimamisha. Piga na viatu, usinikate miguu. Nikarudi nyuma nikapiga na viatu, na ukuta, na ndoo ya jirani iliyokuwa inaonekana pembeni, hakucheka hata kidogo, mikono juu ya magoti. Nikasafisha nikampelekea. Akaniita baba siku ile, akanifungia na dagaa kwenye gazeti.

Nimepita kwake mwezi uliopita. Ile ya viatu iko ukutani kwenye fremu juu ya tivii, imefunikwa na nailoni isipate vumbi. Nikauliza kwa upole, na ile ya kwanza mama? Akasema ipo baba, ipo, inatusaidia sana. Ilikuwa jikoni imefunika ndoo ya maji, ile hadibodi kumbe inafaa, na dagaa wangu wameangalia juu.

Zote mbili ninazo kwenye simu na betri ina asilimia 11, kwa hiyo naipitisha haraka tuanzie kwa wazee huku mbele, ya kwanza ni ya dagaa, ukitelezesha mara moja inakuja ya viatu, angalieni wenyewe mniambie nani kati yetu anajua picha. Ila nawaomba sana huko nyuma mkifika kwenye ya viatu msitelezeshe tena, inayofuata ni mke wangu amesinzia kwenye kochi na hajui kama ninayo.